Dhahabu Ilikwenda, Kuta Zikabaki

Novemba 1854, pale Carson Hill, wachimbaji walitoa ardhini bonge la dhahabu la kilo 73 hivi, uzito wa mtu mzima. Hadi leo California haijapata jingine la kulishinda. Lakini dhahabu haikai kijijini ilikochimbwa. Tangu James Marshall aokote chembe za kwanza Coloma, tarehe 24 Januari 1848, mali ya vilima vya Sierra Nevada imekuwa ikishuka bondeni na kwenda zake. Rekodi zinazonivuta mimi ni za vitu vilivyobaki.

Mahakama ya Mariposa ni ya mwaka 1854. Ni jengo la mbao, na boriti zake zimeshikanishwa kwa vigingi vya mbao. Ndiyo mahakama kongwe kuliko zote California ambayo haijaacha kutumika; kesi bado zinasikilizwa humo. Kaunti ya Mariposa ilipoundwa mwaka 1850 ilikuwa kubwa kupita zote, karibu sehemu moja ya tano ya jimbo zima. Ikamegwa, ikamegwa tena, na leo haina hata mji mmoja wenye halmashauri yake. Mahakama haikuondoka.

Huko Bridgeport, juu ya Mto Yuba Kusini, David Wood alijenga mwaka 1862 daraja la mbao lenye paa na kuta, ili mvua isiozeshe mbao zake. Linaruka zaidi ya mita 60 bila nguzo hata moja majini. Kwa miaka mingi lilishindania ubingwa wa urefu na daraja la Blenheim, New York, hadi mafuriko ya mwaka 2011 yalipolisomba lile. Mwaka huohuo Bridgeport nalo likafungwa kwa uchakavu. Watu wa huko hawakukubali life. Likakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2021.

Rekodi ya mji wa Jackson ni ya msiba. Usiku wa tarehe 27 Agosti 1922 moto uliwaka ndani ya mgodi wa Argonaut na kuwafungia chini wanaume 47. Waokoaji walichimba kwa takriban wiki tatu wakipitia mgodi jirani wa Kennedy, wasimkute hata mmoja akiwa hai. Mmoja wa waliofungiwa alikuwa ameandika, kwa moshi wa taa yake, kwamba gesi imezidi. Hakuna ajali ya mgodi wa dhahabu iliyoua wengi zaidi California. Wengi wao walikuwa wageni, Waitaliano, Wahispania na Waserbia. Waserbia walikuwa wamekwisha kujenga Jackson kanisa la Mtakatifu Sava, mwaka 1894, la kwanza la Waorthodoksi wa Serbia Amerika Kaskazini. Ni dogo, jeupe, na makaburi yamelizunguka. Kwangu mimi, kanisa na mgodi havisimuliki kimoja bila kingine.

Amador City haihitaji maneno mengi: ndio mji mdogo kuliko yote California kwa eneo, chini ya kilomita moja ya mraba, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 200.

Nimeiacha Fiddletown mwisho kwa sababu naipenda zaidi. Duka la Chew Kee, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1850, lina kuta za udongo ulioshindiliwa, unene wa sentimita 60 hivi, na ni miongoni mwa majengo machache sana ya aina hiyo yaliyosalia kutoka kwa Wachina wa enzi ile. Kwetu nyumba ya udongo huhesabiwa ya muda. Hii imepita karne moja na nusu. Mganga Yee Fung Cheung aliuza humo mitishamba kwa wachimbaji. Mchina wa mwisho wa Fiddletown aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1965. Leo ni makumbusho, na droo za dawa zingalimo.