Kumfundisha Asiyeona Kusawazisha Mafaili ya Kompyuta Mbili

Mkufunzi mwenzetu asiyeona ana kompyuta mbili nyumbani kwake, moja ya mezani na moja ya mpakato. Mwishoni mwa muhula aliingiza alama za wanafunzi katika ile ya mpakato, kisha akataka kuzihamisha kwa flashi. Kwa bahati mbaya alinakili kinyume: faili la kale likaja kulifunika lile jipya. Kompyuta ilimwuliza kama yu radhi, naye akakubali. Mwenye kuona angalitupia jicho tarehe zilizo kando ya mafaili. Yeye alisomewa majina tu, na majina yalikuwa sawa. Alama za madarasa mawili zikapotea, na madaftari yalikwisha kurudishwa kwa wenyewe.

Kwa kuwa baadhi yenu, wanachuo, mtakuta shuleni walimu au wanafunzi wasioona, tumeona yafaa tueleze namna ya kufundisha kazi hii.

Asiyeona hutumia kompyuta kwa msaada wa programu ya kusoma skrini, ambayo hutamka kwa sauti maandishi yaliyopo. Iliyo maarufu miongoni mwa zile za bure ni NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Programu hiyo huja na sauti ya eSpeak NG, ambayo husoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ngumu inayohitaji kuzoewa. Hapana budi mwalimu akumbuke kwamba programu hii husoma kile tu ilichopewa kwa maneno. Alama ya vema yenye rangi ya kijani, inayoonyesha kuwa faili limekwisha kusawazishwa, ni kimya kitupu kwake ikiwa mtengenezaji hakuiwekea maelezo. Vivyo hivyo kazi ya kuburuta faili kwa kipanya haimfai. Kwa hiyo kabla ya kumpendekezea mtu chombo chochote, chomoa kipanya, zima skrini, ukijaribu wewe mwenyewe kwa kibodi na masikio. Ukikwama mahali, usidhani yeye atapita.

Tusianze na kompyuta. Chukua visanduku viwili na kadi zenye maandishi ya nukta nundu, nakala mbilimbili. Weka nakala moja ya kila kadi katika kila kisanduku. Mwanafunzi avipapase na kuthibitisha kuwa ni sawa. Sasa badilisha kadi moja katika kisanduku cha kwanza, umwulize ipi inapasa kufuata nyingine. Atajibu upesi. Kisha badilisha kadi ileile katika visanduku vyote viwili, kila moja kwa namna yake, urudie swali. Hapo atanyamaza, na kimya hicho ndicho kiini cha somo. Mwisho ondoa kadi katika kisanduku kimoja: je, ya pili nayo itupwe, au ile iliyoondolewa irudishwe? Kila programu ya kusawazisha imejibu maswali haya kwa njia yake, na mtumiaji sharti alijue jibu kabla ya kuikabidhi kazi yake.

Syncthing, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2013, hupeleka mafaili moja kwa moja toka kompyuta hadi kompyuta. Zikiwa katika mtandao mmoja wa nyumbani haihitaji bando, ila sharti zote mbili ziwe zimewashwa. Huendeshwa kwa ukurasa unaofunguliwa katika kivinjari, na hilo ni jema, kwani katika NVDA herufi H humpeleka msomaji kwenye kichwa cha habari kinachofuata, na B kwenye kitufe. Ugumu upo katika kuzitambulisha kompyuta, maana kitambulisho kina herufi na tarakimu 56. Picha ya msimbo inayotolewa badala yake haimsaidii asiyeona. Afadhali akinakili kitambulisho kwa kibodi. Mafaili yakigongana, programu huliacha lililobadilishwa karibuni, na lile jingine hulipa jina lenye maneno «sync-conflict» pamoja na tarehe na saa. Majina husomeka, basi hasara huonekana kwa masikio. Lakini faili likifutwa upande mmoja hufutwa na upande wa pili, isipokuwa mtu amewasha mapema sehemu ya kuhifadhi matoleo ya zamani.

Njia ya pili ni Robocopy, amri iliyomo ndani ya Windows tangu Vista. Huandikwa hivi: robocopy D:\Masomo E:\Masomo /E /XO /NP. Alama ya /E huchukua folda zote za ndani. /XO huyaacha mafaili ambayo ni ya kale kuliko yale ya upande wa pili. /NP huzuia asilimia zisiandikwe, la sivyo msikilizaji atachoshwa na tarakimu. Ukiongeza /L hakuna kinachonakiliwa, bali orodha tu husomwa, nasi twashauri kila mwanafunzi aanze hivyo kwa folda ya majaribio. Amri hii hupeleka upande mmoja tu, kwa hiyo iandikwe mara mbili, ya kwenda na ya kurudi. Haitoi onyo faili likibadilishwa pande zote, na lililofutwa upande mmoja hurudi. Aidha ajihadhari na /MIR, ambayo hufuta upande wa pili kila kisichokuwapo upande wa kwanza.

Mwenzetu yule alijaribu zote mbili akachagua Robocopy. Ameziandika amri hizo katika faili fupi, na kila jioni hulifungua kwa Enter, akasubiri jedwali la mwisho na kusikiliza ni mafaili mangapi yamenakiliwa na mangapi yameshindikana. Iwapo alihariri mawili na jedwali lasema matano, hafungi kompyuta mpaka ajue yale matatu ni yapi.