Bamia Haitengenezi Insulini

"Dokta, ataacha lini sindano?"

Hakuna kliniki ya watoto wenye kisukari inayopita bila swali hili. Anauliza mama wa Mbagala, anauliza baba wa Tandale, anauliza bibi aliyekuja na mjukuu kutoka Bunju. Najua linatoka kwenye uchungu, maana hakuna mzazi anayefurahia kumchoma mwanawe asubuhi na jioni. Lakini ni swali lisilo sahihi, na mzazi asiporidhika na jibu la hospitali, mtaani halali bila kupata jingine: maji ya bamia, unga wa mlonge, juisi ya karela, mwarobaini, mdalasini na asali. Nimelijibu vya kutosha mdomoni. Leo nalijibu kwa maandishi.

Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza haachi sindano. Haachi akikua, haachi akiombewa, haachi hata akila vizuri namna gani. Kinga ya mwili wake mwenyewe imezishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na inazimaliza. Hakuusababisha ugonjwa huu kwa pipi wala soda, na mama yake hakukosea chochote wakati wa ujauzito. Bila insulini, sukari inarundikana kwenye damu huku mwili ukiwa na njaa. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake, damu inajaa tindikali, mtoto anahema kwa nguvu, anapoteza fahamu, anafariki. Wala haichukui miaka. Aliyekuwa akichomwa kila siku akikatishwa ghafla, siku moja au mbili zinatosha kumfikisha wodini.

Sasa nije kwenye bamia. Mama mmoja wa Temeke aliniletea chupa yenyewe: chupa ya maji ya lita moja na nusu, bamia zimekatwa ncha zote mbili na kulala chini, maji yamegeuka ute. Maelekezo aliyopewa ni glasi moja alfajiri kabla ya kula chochote, kwa siku 40, na sindano ziachwe kwanza "ili dawa zisipigane". Bamia ni mboga nzuri, aipike na mtoto ale. Kinachoua ni sharti hilo la kuacha sindano, na karibu kila dawa ya mtaani ya kisukari ninayoletewa huja nalo.

Wazazi huniambia, "Mbona jirani yangu alikunywa na sukari ikashuka?" Jirani ni mtu mzima wa miaka 55 mwenye kisukari aina ya pili. Kongosho lake bado linatoa insulini, ila mwili hauitumii ipasavyo. Mtu wa namna hiyo akipunguza ugali, akitembea kila jioni na kunywa majani fulani, sukari yake inaweza kushuka. Sidharau miti. Chuo Kikuu cha Muhimbili kina Taasisi ya Tiba Asili iliyoanza kazi miaka ya 1970, na metformini, kidonge wanachomeza wagonjwa wengi wa aina ya pili, chimbuko lake ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega. Hata hivyo metformini hiyo hiyo, iliyosafishwa na kupimwa kwa miligramu, haiwezi kumweka hai mtoto wa aina ya kwanza asiyepata insulini. Chupa ya bamia itamwekaje?

Hapo ndipo ninapopewa ushuhuda: mtoto wa fulani, Tandika, aliacha sindano kabisa, anacheza mpira. Mara nyingi ushuhuda huo una ukweli ndani yake, na ndiyo maana unapoteza watoto.

Mtoto anapogundulika, huwa bado ana seli chache zilizo hai, ila zimelemewa na sukari nyingi. Tukimwanzishia insulini, mzigo unapungua na seli zile zinaanza tena kutoa insulini kidogo. Baada ya wiki kadhaa dozi inabidi ipunguzwe, kisha ipunguzwe tena, mpaka wengine wanabaki na kiasi kidogo sana. Madaktari tunakiita kipindi cha fungate. Kwa mtoto mmoja kinadumu wiki chache, kwa mwingine miezi, mara chache kinavuka mwaka. Kwa watoto wadogo, na kwa wale waliofika hospitali wakiwa hoi, huwa kifupi zaidi.

Tazama sasa hesabu ya siku. Mtoto ametoka wodini, ana mwezi mmoja nyumbani. Shangazi anafika na unga wa mlonge wiki ile ile ambayo dozi ingeshuka hata kama asingefika mtu. Kipimo cha sukari kinasoma 6 (mmol/L), sindano zinaachwa, kesho yake kinasoma 7. Ukoo mzima umeona kwa macho. Aliyetoa dawa anarekodi ushuhuda na kuusambaza kwenye simu. Insulini ndiyo iliyozipa zile seli nafuu, na kuiacha kunazimaliza upesi. Miezi mitatu baadaye mtoto anakojoa usiku kucha, anakonda, mafua kidogo tu yanamwangusha, na analetwa kwetu akiwa na maji ya dripu mkono mmoja na hirizi mkono wa pili. Sehemu hiyo hairekodiwi.

Taifa zima lilishapita njia hii. Mwaka 2011 magari yalijipanga kwa kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa kikombe cha shilingi 500. Mzizi wa mugariga uliochemshwa ulisemwa kutibu UKIMWI, kansa, pumu na kisukari. Wagonjwa walitolewa wodini wakapelekwa huko, na wengine walifia kwenye foleni. Babu alifariki 2021. Kisukari kipo, na watoto bado wanahitaji insulini yao kila siku.

Tena kuna dai la pili, kwamba sindano ndizo "zinazomzoesha" mtoto na kumharibu macho na figo. Anayedai hivyo asikie kisa cha Elizabeth Hughes, binti wa Charles Evans Hughes, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Aligundulika na kisukari mwaka 1919 akiwa na miaka 11, insulini ikiwa haijapatikana, na tiba pekee ilikuwa kumnyima chakula. Baba alikuwa na fedha, cheo na madaktari bora wa zama zake, lakini kufikia Agosti 1922 binti alikuwa na kilo 20 hivi, akikaribia kutimiza miaka 15. Akapelekwa Toronto, Kanada, kwa Frederick Banting, akachomwa insulini. Aliolewa, akazaa watoto watatu, akaishi mpaka 1981 akiwa na miaka 73, akijichoma maisha yake yote. Huo ndio uharibifu wa sindano.

Kinachoharibu macho na figo ni sukari iliyoachwa juu. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa 1993, wenye washiriki 1,441, ulionyesha kwamba waliochomwa insulini mara nyingi zaidi kwa siku na kupima sukari kwa ukaribu walipunguza hatari ya kuanza kuugua macho kwa asilimia 76. Mwaka 2007 Daktari Edna Majaliwa na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa watoto na vijana waliotibiwa Muhimbili: wengi hawakuwa na sukari iliyodhibitiwa, na baadhi walishaanza kuonyesha dalili za figo na macho kabla hawajafika miaka 20. Watoto wetu hawa tatizo lao ni insulini pungufu.

Kuna jambo la Dar es Salaam linaloniumiza zaidi. Waliohesabu wagonjwa wapya wa kisukari aina ya kwanza jijini kati ya 1982 na 1991 walipata chini ya mtoto mmoja kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, wakati Finland sasa ni zaidi ya 50. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kweli, lakini anayehesabiwa ni yule aliyefika hospitali akiwa hai na kupimwa. Mtoto anayehema kwa kasi anaandikiwa nimonia, aliyepoteza fahamu anaambiwa ni malaria imepanda kichwani au amerogwa, na kama hakuna aliyemtoboa kidole, kaburi lake halimo kwenye takwimu yoyote.

Tiba ya kuachisha sindano inatafutwa, tena kwa bidii. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kwamba watu wazima 12 walipandikizwa seli zilizooteshwa maabara, na baada ya mwaka mmoja, 10 kati yao hawakuhitaji insulini. Wanameza dawa kali za kudhoofisha kinga ili seli zisikataliwe, na kwa watoto bado haijafika. Itakapofika utaisikia hospitalini, haitauzwa kwa kipaza sauti stendi ya Mbagala Rangi Tatu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtoto akikojoa sana, akinywa maji kupita kawaida, akikonda, akirudia kukojoa kitandani au sisimizi wakijaa kwenye mkojo wake, apimwe sukari siku hiyo hiyo; zahanati inaweza, ni tone la kidole. Ikisoma 11.1 au zaidi pamoja na dalili hizo, usisubiri kesho: nenda hospitali ya Temeke, Mwananyamala, Amana au Muhimbili. Uliza kliniki ya kisukari ya watoto na mpango wa insulini ya bure unaoendeshwa pamoja na Chama cha Kisukari. Huna friji? Tumia mtungi wa udongo wenye unyevu, kivulini, chupa ya dawa ndani ya kopo isilowe; utafiti uliofuata joto lililopimwa kambi ya Dadaab, Kenya, ukachapishwa 2021, ulionyesha insulini iliyokaa kwenye joto la nyuzi 25 mpaka 37 ilibaki na nguvu kwa wiki nne. Akitetemeka, akitoka jasho au akiongea ovyo, sukari imeshuka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu chupa ya soda, si ile isiyo na sukari, kisha ale. Asifunge Ramadhani bila kuzungumza na daktari wake. Mwalimu wake ajue. Akiumwa na kukataa chakula, sindano haikatwi. Dozi inarekebishwa, piga simu kliniki.

Na shangazi akija na chupa yake, mpokee, mkaribishe chai, mwambie daktari amekataza kuacha sindano. Jioni ikifika, mchome mtoto.