Mafuvu ya Kalibu na Elimu ya Asili Yetu

Bupuru lililookotwa na Bernard Ngeneo huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, mwaka 1972, likasajiliwa kwa nambari 1470, ni amana ya taifa iliyowekwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, wala haielekei kuletwa Mvita ipitishwe mikononi mwa wanafunzi wa Mji wa Kale. Kwani mfupa uliogeuka jiwe, ukakaa ardhini takriban miaka milioni 2, ukivunjika leo hauna badali. Kwa sababu hiyo mafundi hutengeneza nakala: hulipaka fuvu la asili silikoni laini, nayo ikishaganda huwa kalibu iliyonasa hata ufa mwembamba, kisha humimina ndani yake plasta au rezini, na mwishowe huitia rangi ya mfupa. Siku hizi aghalabu fuvu hupigwa picha za eksirei tabaka kwa tabaka, na mashine ikalichapa umbo lake kwa plastiki.

Faida ya nakala ni kushikwa, na kwa rai yangu kuifungia nyuma ya kioo ni kuidhulumu. Mwanafunzi na aipindue, atazame tundu linalopitisha ugwe wa uti wa mgongo: kwa sokwe limeelekea nyuma, ilhali kwetu liko karibu na katikati ya kitako cha fuvu, maana kichwa cha mwenye kusimama wima hukaa juu ya shingo. Kisha achukue nakala ya fuvu aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, apapase magego yake mapana na ule ukingo wa mfupa utosini ulioshikilia misuli ya kutafunia, halafu ajishike taya lake mwenyewe. Hapo ndipo elimu hii inapomhusu tabibu wa meno, kwa kuwa taya zetu zimepungua hata magego ya mwisho mara nyingi hayapati nafasi, yakaota upande na kuleta maumivu. Ubongo, kinyume chake, umekua: fuvu la Olduvai lilichukua takriban sentimita za ujazo 500, lile la 1470 kiasi cha 750, na letu kwa wastani hukaribia 1,350.

Walakini nakala hubeba pia rai ya aliyeunga vipande. Uso wa 1470 wataalamu wamehitilafiana juu ya mwinamo wake, na mwalimu mwaminifu hana budi kulitaja hilo.

Pwani nayo haikukosa fungu lake. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, alizikwa mtoto wa takriban miaka 3, yapata miaka 78,000 iliyopita, na mifupa yake ilikuwa dhaifu hata ikabidi bonge zima la udongo lifungwe kwa plasta ndipo libebwe. Umbo lake likadhihirishwa kwa eksirei na kompyuta, na habari ikatangazwa mwaka 2021. Ngome ya Yesu ya Mvita iko chini ya Makumbusho ya Taifa yale yale: nakala ya mtoto huyo, pamoja na zile za Turkana, zingestahili kuwekwa humo juu ya meza iliyo wazi, ili hata mwanafunzi asiyeona asome kwa vidole vyake.