Pweza Aliyegoma

Katika kituo cha utafiti wa bahari cha Napoli, Italia, mtafiti Peter Dews aliwafundisha pweza watatu kuvuta wenzo ili wapate kipande cha samaki. Aliwaita Albert, Bertram na Charles. Wawili wa kwanza waliishika kazi, wakaifanya bila fujo. Charles naye aliijua, ila alikuwa na yake. Alijishikiza kwenye ukuta wa tangi, akauvuta wenzo mpaka ukapinda, na siku moja ukavunjika kabisa. Taa iliyoning'inia juu aliikamata akaiburuta majini. Tena alikaa macho nje ya maji, akimrushia maji kila aliyesogea.

Dews alichapisha matokeo hayo mwaka 1959. Kwa kipimo cha wenzo, Charles alifeli. Lakini kipimo hicho kiliuliza swali moja tu, na pweza huyu alikuwa ameshaanza kuichunguza maabara nzima, watu wakiwemo.

Kwamba pweza humtambua mtu mmoja mmoja kulithibitishwa Seattle, Marekani, katika utafiti wa Roland Anderson na wenzake uliotoka mwaka 2010. Watu wawili waliovaa sare zilezile waliwaendea pweza wanane wakubwa wa Pasifiki: mmoja akiwalisha, mwingine akiwachokoza kwa kijiti chenye nywele ngumu. Hazikupita wiki mbili, pweza wakawa wanamsogelea mlishaji na kumkwepa mchokozi.

Akili hiyo haikukaa kichwani tu. Pweza wa kawaida ana seli za neva zipatazo milioni 500, na zaidi ya nusu zimo kwenye minyiri yake minane, kwa hiyo kila mnyiri hupapasa, huonja na kuamua mengi wenyewe. Mwili nao hauna mfupa hata mmoja. Wanaochokora pweza mwambani Unguja maji yanapokupwa wanajua jinsi anavyopenya tundu dogo. Mwaka 2016, huko Napier, New Zealand, pweza aitwaye Inky alipenya mwanya wa juu wa tangi usiku, akakatiza sakafu, akaingia bomba lenye urefu wa mita 50 lililotokea baharini.

Mnyama mdadisi hivi huhitaji la kufanya; ndiyo maana watunzaji makini huwapa pweza wao kaa ndani ya chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, badala ya kuwatupia chakula tu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2022, imemhesabu pweza miongoni mwa wanyama wenye hisia.