Mashini ya kopi katika biro ya koperative: kuskani hakuli wino, kopi njo inakula



Katika biro nyingi za koperative za kahawa na kakao, siku hizi kuko mashini moja ndogo yenye kuskani, kutoa kopi na kuchapa. Watu wanaiona kama kitu cha sekretere tu. Lakini fishi ya mizani ya kila mukulima inapita ndani yake. Ile fishi njo inaonyesha ulileta kilo ngapi, na siku ya malipo ya nyongeza, mwenye hana fishi anapata shida kudai haki yake. Tena sheria ya OHADA juu ya koperative, yenye nchi yetu inafuata tangu 2012, inaomba rejista ya wanamemba ikae kwenye makao ya koperative. Ni vizuri basi kila memba ajue hii mashini inatumika namna gani, na feza ya wino inaenda wapi.

Ni mashini mbili ndani ya sanduku moja. Ya juu inaona, ya chini inaandika. Gharama yao si moja.

Ya juu: inasoma kwa mwangaza

Ukifungua kifuniko unaona kioo. Chini ya kioo kuko kipande kirefu chenye kutembea polepole. Katika mashini nyingi ndogo, kile kipande kina taa ndogo za rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, na mustari wa macho madogo sana yenye kuenea upana wote wa karatasi. Taa zinawaka kwa zamu. Mafasi nyeupe ya karatasi inarudisha mwangaza mwingi, mafasi yenye maandiko inarudisha kidogo. Kila jicho linapima ule mwangaza na kuugeuza kuwa namba. Kisha kipande kinasogea kidogo na kusoma mustari mwingine.

Ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi (inchi moja ni sentimetre 2,54), karatasi moja ya A4 inakuwa nukta karibu milioni 8,7. Katika hiyo kazi yote, hakuna hata tone moja la wino limetumika.

Kioo kikiwa na vumbi, kopi inatoka na madoa. Pangusa na kitambaa laini chenye maji kidogo. Usimwange maji juu ya kioo. Kama mashini inavuta karatasi yenyewe toka juu, karatasi inapita mbele ya kioo kimoja chembamba. Uchafu mudogo pale unaleta mustari mweusi toka juu mupaka chini ya ukurasa.

Ya chini: inarusha matone

Kichwa cha kuandikia kinaenda na kurudi juu ya karatasi. Kina matundu mingi sana, membamba kupita unywele. Rangi ni ine: siani, majenta, njano na nyeusi. Matone yakipangwa karibu karibu, jicho letu linaona rangi zote.

Kuko njia mbili za kurusha tone. Ya kwanza ni moto: kipande kidogo kinapasha wino kupita digri 300 kwa muda mufupi sana, povu inavimba na kusukuma tone inje. Muko Japani, mwaka 1977, Ichiro Endo wa kampuni Canon aliona wino ukiruka toka sindano ya bomba wakati chuma cha moto cha kulehemu kiliigusa. Ya pili haichemshi: kipande chenye kujikunja kikipata umeme kinakamua wino, na tone linatoka. Epson inatumia hii.

Kwa nini wino unaisha na hatujachapa?

Matundu yanakauka kama mashini inalala wiki mingi. Hapo inajisafisha: inavuta wino na kuumwanga katika sifongo ndani yake. Kila usafi unakula wino wa kulipa.

Kwa hiyo:

- Zima mashini na kifungo chake, musingoe tu waya ao kuzima jenereta. Ukizima na kifungo, kichwa kinarudi mafasi yake na kufunikwa kisikauke.
- Chapa ukurasa mumoja wenye rangi zote kila wiki.
- Kabla ya kuomba usafi, chapa ukurasa wa kupima matundu. Kama mistari yote iko, usafi hauna faida.

Kwa upande wa umeme, hii mashini ni nzuri kwa biro zenye kutumia jua: nyingi zinakula chini ya wati 30 zikifanya kazi. Mashini za laser zinapasha karatasi, zinaomba mamia ya wati.

Mvua na jua

Wino mwingi wa rangi unayeyuka ndani ya maji. Mukulima akirudi nyumbani na mvua, kopi yake inaweza kubaki doa tupu. Mujaribu: chapeni neno moja, muache likauke saa moja, mutie tone la maji. Kama linaenea, musimupe memba fishi ya wino huo. Fishi yenye kuandikwa na biki inavumilia maji kuishinda. Jua pia linafifisha wino, musibandike liste kwenye dirisha.

Tufanye nini basi?

Skanini fishi zote siku ile ile ya kununua mavuno. Muite faili kwa tarehe na jina la depo. Muziweke katika flashi mbili, na moja ilale inje ya biro, kwa kesieri. Nukta 200 ao 300 zinatosha. Chapeni tu karatasi yenye mutu atabeba ao kutia sahihi, kwa rangi nyeusi peke. Liste ya wanamemba musiitume ovyo katika WhatsApp: ina majina na vipimo vya mashamba ya watu.

Rejista ya karatasi inabaki; faili ni ya kuilinda isipopotea na moto ao mvua. Na katika mukutano mukubwa, memba yeyote ana haki ya kuuliza: mwaka huu tulinunua kartushi ngapi, na zilichapa nini?