Kioo Kinachong'aa au Kisichong'aa? Uakisi wa Mwanga na Kompyuta ya Usanifu

Simama ufukweni Bukoba asubuhi, kabla upepo haujaanza. Ziwa Victoria liko upande wetu wa mashariki, hivyo jua huchomoza juu ya maji. Ziwa likiwa limetulia, utaliona jua la pili ndani yake, zima na kali. Upepo ukishavuma, jua hilo la majini huvunjika na kuwa njia pana ya mng'ao usio na umbo. Jua halikubadilika. Kilichobadilika ni uso wa maji tu, na hiyo ndiyo tofauti ya aina mbili za vioo vya kompyuta mpakato.

Wahitimu wa kidato cha nne huniuliza wanunue ipi ili waanze kusanifu kadi za harusi, mabango na lebo za pakiti za kahawa. Si swali dogo. Mara nyingi fedha inayotumika ni mauzo ya kahawa ya mzazi ya msimu mzima.

Kioo kinachong'aa ni laini kama ziwa lililotulia. Miale inayokuja sambamba huakisiwa ikiwa bado sambamba, kwa hiyo unaona taswira kamili ya dirisha, ya taa, hata ya uso wako. Kioo kisichong'aa kina vijinundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, nayo miale hutawanyika kila upande. Hapa wengi hupoteza alama katika mtihani kwa kuandika kwamba uakisi mtawanyiko haufuati kanuni ya uakisi. Unaifuata. Katika kila nukta ya uso, pembe ya mwale unaoingia ni sawa na pembe ya mwale unaoakisiwa. Kwa kuwa kila kijinundu kimeelekea upande wake, miale ndiyo inayotofautiana.

Sasa tufanye hesabu. Uso wa kioo cha kawaida kisichopakwa kitu huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga unaokipiga moja kwa moja. Tuseme umevaa shati jeupe lenye mng'ao wa niti 125, yaani chumba chenye mwanga wa kutosha kusomea. Kompyuta yako inatoa niti 250 sehemu nyeupe na niti 0.25 sehemu nyeusi. Gizani, uwiano wa nyeupe kwa nyeusi ni 250 ÷ 0.25 = 1000. Shati likiakisiwa huongeza niti 5 kila mahali: 255 ÷ 5.25, karibu 49. Kutoka 1000 hadi 49, kwa sababu ya shati tu! Anga ya dirishani ina mng'ao mkubwa zaidi ya shati, na jua la nje usiliongelee.

Jambo hili lilinipata. Nilisanifu ratiba ya mahafali kwenye kioo kinachong'aa, dirisha likiwa nyuma ya mgongo wangu. Nyuso katika picha zilionekana zimezama gizani, nikaongeza mwangaza mpaka nikaridhika. Zilipotoka kiwandani zilikuwa zimepauka kama zimepakwa unga wa muhogo, na nakala zote zilikuwa zimeshachapwa. Picha hazikuwa na kosa. Nilikuwa nasahihisha taswira ya dirisha.

Je, kisichong'aa ndicho jibu? Si moja kwa moja. Vijinundu havimezi mwanga, vinausambaza tu. Badala ya doa moja kali unapata ukungu mwepesi juu ya kioo chote, na weusi unakuwa kijivujivu. Pia mwanga unaotoka ndani hupita kwenye vijinundu hivyohivyo, ndiyo maana eneo jeupe huonekana lina chembechembe. Katika chumba chenye giza la kutosha, kinachong'aa kinaonyesha weusi ulio safi zaidi.

Ipo njia ya tatu, na wanafunzi wa kidato cha tano waitazame vizuri. Kioo laini hupakwa tabaka jembamba la magnesi floridi, lenye unene wa robo ya urefu wa wimbi ndani ya tabaka hilo. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550 na kipeo cha mpindo 1.38, unene ni 550 ÷ (4 × 1.38), karibu nanomita 100. Mawimbi yanayoakisiwa juu na chini ya tabaka hupunguzana, na uakisi hushuka hadi kati ya asilimia 1 na 2. Kioo hicho utakitambua kwa rangi ya zambarau kwenye taswira ya taa.

Usidanganywe dukani kwamba kinachong'aa kina rangi nyingi zaidi. Rangi hutokana na paneli. Soma maelezo: sRGB asilimia 100 inafaa kwa usanifu, NTSC asilimia 45 ina upungufu mkubwa, kiwe kinang'aa au haking'ai.

Kabla ya kulipa, zima kompyuta na umulike kioo kwa tochi ya simu. Ukiona nukta kali, kinang'aa. Ukiona doa pana lililofifia, haking'ai. Kisha iwashe, fungua picha yenye nywele nyeusi, ukae kama utakavyokaa nyumbani. Kwa anayefanyia kazi barazani hapa Nyanga au kwenye kibanda kilicho wazi Muleba mjini, mimi ningechagua kisichong'aa bila kusita. Mwenye chumba chenye pazia achague kilichopakwa tabaka, akiweza kukimudu. Kwa vyovyote, dirisha liwe ubavuni mwako, lisiwe nyuma.

Maswali ya marudio
1. Chora miale mitatu sambamba ikipiga uso laini, kisha uso wenye vijinundu. Onyesha pembe zote.
2. Kioo kimepakwa tabaka na sasa kinaakisi asilimia 1 tu. Kwa shati lilelile, uwiano wa nyeupe kwa nyeusi ni ngapi?
3. Kwa nini kupunguza mwanga wa chumba husaidia vioo vya aina zote mbili?