Unaichukua Feri, Unaipeleka Wapi?

Ndugu msikilizaji, juma hili nilikuwa gatini Kamanga nikingoja kuvuka kuja Mwanza mjini. Kijana mmoja alikuwa akisema kwa simu: "Nachukua feri ya saa nne." Mzee aliyeegemea baiskeli yake akamgeukia: "Unaichukua, mjukuu wangu, unaipeleka wapi?" Tukacheka. Feri hupandwa.

Kosa la kijana yule linatokana na kitenzi cha Kiingereza "take". Waingereza nao walikiazima, kutoka kwa watu wa Skandinavia waliovamia kisiwa chao zamani, na maana yake ilikuwa kushika. Sasa hakina mipaka. Kwa kitenzi hicho hicho Mwingereza hupanda basi, humeza dawa, huoga, hupiga picha na hufanya mtihani. Akikiongezea kijineno "off", ndege hupaa na mtu huvua viatu!

"Chukua" yetu asili yake ni kubeba. Ndiyo maana mbeba mizigo ni mchukuzi, tunayo Wizara ya Uchukuzi, na watu wanaovumiliana huchukuliana. "Kuchukua muda" na "kuchukua hatua" yananuka Kiingereza, lakini yameshazoeleka, nami huyasoma katika taarifa ya habari bila haya.

Lipo hata hivyo jambo ambalo vitenzi hivi viwili hukutana, nalo ni chombo na watu wake. Ukiuliza, "Kivuko hiki kinachukua watu wangapi?" umeuliza maswali mawili kwa mara moja: kinaruhusiwa wangapi, na leo kimebeba wangapi. Kiingereza nacho kina utata huo huo. Kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara, uwezo wake ulikuwa kuchukua abiria 101. Kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, waliokufa peke yao walikuwa 228. Sisi wa Mwanza tulikuwa tumekwisha kuzika mamia ya watu wa MV Bukoba, Mei 1996.

Kwa hiyo mimi gatini huyatenganisha. Siku ile nilimwuliza mkata tiketi, "Kinaruhusiwa wangapi?" Akajibu papo hapo. "Na sasa kimeshachukua wangapi?" Hapo akainama, akahesabu vishina vya tiketi, kisha akanitajia.